Mijusi wa Boksi Moja

Kaka yangu hajui kusema hapana. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, nimekua nyuma yake, nimevaa sweta zake za shule, na katika muda wote huo neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Ukimwomba shati, analivua. Ukimwambia kwenye lori lililojaa bado kuna nafasi ya magunia kumi, anajikuna kisogo na kusema, "Sawa, tutaona." Hiyo "sawa, tutaona" ilimgharimu mguu wa kulia, na mwaka juzi nusura imgharimu mnyama aliyempenda kuliko sisi sote tulioishi naye nyumba moja. Nasimulia hasira zikiwa hazijaisha, kwa hiyo mtu asinitafutie upole.

Sisi ni watu wa biashara. Hapa Majengo wanatujua kwa duka na kwa malori. Duka ni langu, dogo, lina rafu tatu na friza moja ya soda na barafu. Malori ni ya baba mdogo. Tangu baba yetu afariki, baba mdogo ndiye mkubwa wa ukoo. Hakuna harusi, msiba wala safari ya mtoto kwenda shule isiyopita kwanza sebuleni kwake. Mtu wa namna hiyo habishiwi. Akikohoa, sisi tunaitika. Siku kaka alipomweleza kwamba breki za lori hazishiki, na huku mpunga unasubiri kupakiwa bondeni, baba mdogo alisema, "Nenda nalo hivyo hivyo, utalitazama ukirudi."

Kaka akasema sawa, tutaona. Akaja kuona kwenye mteremko wa kushukia Bonde la Rukwa. Alilibamiza lori kwenye ukingo wa mlima makusudi ili lisitumbukie korongoni, akatoka hai, mguu ukaungwa, ukawa mfupi kuliko mwenzake. Baba mdogo aligharamia hospitali yote, akaleta na mbuzi. Kuhusu breki hakuna aliyesema kitu. Hata mimi sikusema, na mimi nina mdomo.

Baada ya hapo kaka akawa mtu wa kulala ameelekea ukutani. Mkewe, wifi yangu, ni Mfipa wa Kaoze, mwanamke mvumilivu. Alimpikia, alimwogesha, alimsimulia habari za mtaani, na ukuta ukaendelea kupata heshima zote. Hakunyoa, hakutoka nje. Mtu aliyekuwa anajua kila shimo la barabara kuanzia hapa mpaka Tunduma sasa alikuwa anahesabu misumari ya dari.

Aliyemgeuza ni dereva mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi, anayekwenda na lori mpaka Afrika Kusini. Alirudi na boksi la viatu lililotobolewa matundu, akaliweka kitandani.

"Mambo, mshikaji," alisema. "Nimekuletea watu wa kukaa nao."

Ndani mlikuwa na mijusi wawili, kila mmoja urefu wa rula ya shule, rangi ya mchanga, na vimiba laini mashavuni na kidevuni. Mjusi wa aina hii akikasirika, kidevu huvimba na kuwa cheusi, na hapo unaziona ndevu zake waziwazi.

"Huko watu wanawafuga ndani kama paka," dereva alieleza. "Huyu dume, huyu jike. Mtu na mkewe."

Walipitaje mpakani sikuuliza. Katika familia ya malori kuna maswali ambayo mtoto hufundishwa kutoyauliza kabla hajafundishwa kusoma.

Asubuhi iliyofuata kaka alinyoa. Labda aliona nyumba sasa ina ndevu za kutosha.

Ufipa si mahali pa mnyama anayetaka joto. Mwezi wa sita upepo wa huku juu unapenya sweta mbili na kukutafuta mifupani. Kaka alitengeneza mabanda mawili ya mbao, akayawekea vioo vya dirisha la zamani na balbu zile za kulelea vifaranga. Umeme ulipokatika, alijaza chupa maji ya moto, akazizungushia khanga za wifi na kuzipanga mabandani kama wagonjwa wodini. Kila kulipokuwa na jua alitoka nao uani, akaketi kwenye kigoda amejifunika blanketi, yeye na mijusi wake wameelekea upande mmoja wamefumba macho. Ukipita hapo huwezi kujua nani anamwotesha mwenzake jua.

Mtaa wa pili kuna mzee mwenye duka la dawa za mifugo, daktari mstaafu, aliyetumia maisha yake yote nyuma ya ng'ombe. Kaka alimwita. Mzee aliwatazama mijusi kwa mbali, akasema wazi kwamba wanyama hawa yeye hawajui, akaenda kusoma kwenye simu yake wiki nzima. Nilicheka. Nilidhani atarudi na dawa ya minyoo ya mbuzi. Alirudi na maelekezo mafupi, na mpaka leo namheshimu kwa sababu yalikuwa sahihi yote.

"Kila mmoja akae banda lake," alisema. "Dume msumbufu, atamchosha mwenzake. Jike asipandishwe kabla hajafikisha mwaka mmoja na nusu, maana mayai huchukua chokaa mifupani mwake. Na kabla hujapandisha, ujue kila mtoto atakwenda kwa nani na huyo mtu ataweza kumtunza. Kama hujui, usipandishe."

"Sawa," kaka akasema, akijikuna kisogo. "Tutaona."

Mimi nilipaswa kuogopa pale pale.

Mji wetu una sifa zake huko nje. Mtu wa Dar akisikia unatoka Sumbawanga, anasogeza kiti chake nyuma kidogo na kuuliza kama habari za uchawi ni kweli. Sisi wenyewe mambo hayo mengi huwa tunayasikia redioni. Sasa fikiria habari kwamba kilema mmoja wa Majengo anafuga joka dogo lenye ndevu linaloota moto wa umeme. Wiki ya kwanza majirani walipita upande wa pili wa barabara. Wiki ya pili mmoja alikuja kuazima chumvi, akakaa saa nzima. Wiki ya tatu uani kwetu palikuwa na watu wengi kuliko kituo cha afya.

Kilichowashinda nguvu ni adabu ya yule jike. Akiona kitu kikubwa kuliko yeye, huinua mkono mmoja na kuuzungusha hewani polepole, kisha huushusha. Daktari alisema ni namna ya kuomba amani, kama kusema, mimi mdogo, usiniumize. Majengo hawakukubali tafsiri hiyo. Walisema anatoa shikamoo. Nimeona kwa macho yangu bibi mwenye rozari shingoni akimwinamia na kumwambia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akatugeukia kutulaumu kwamba watoto wetu wanashindwa na mjusi. Dume yeye hakuwa na salamu. Kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa juu chini kwa nguvu, kidevu kikiwa cheusi, bila mtu kumwuliza lolote. Tukamwita Mwenyekiti.

Kaka alifufuka, siwezi kusema uongo. Alijua nani anapenda majani ya maboga na nani anataka matembele. Wamama wa sokoni walimtengea majani laini. Alimpima jike kila Ijumaa kwenye mizani yangu ya sukari, mpaka wateja wangu wengine wakaanza kununua sukari ya pakiti. Jike alimzoea, akawa anapanda begani kwake na kulala pale, shavu lake kwenye kola ya kaka. Nilimsikia akimsimulia habari za barabara. Mimi dada yake hajawahi kunisimulia. Niliona wivu, halafu nikaona aibu kumwonea wivu mjusi.

Halafu watu wakaanza kuomba watoto. Kila aliyeomba aliambiwa sawa, tutaona, na kila aliyeambiwa hivyo alikwenda kwake akijua amepata. Fundi cherehani alitaka mmoja wa kuvutia wateja. Mwalimu alitaka wawili kwa ajili ya darasa. Mtu mmoja aliyeshuka kwenye basi hata bila kunawa vumbi alitaka mkia tu. Huyo nilimfukuza mimi mwenyewe kwa ufagio. Mkubwa wa wote alikuwa baba mdogo. Alikuwa anamalizia gesti yake mpya, akaamua mapokezi pawe na sanduku kubwa la vioo lenye mijusi sita, ili wageni wajue wamefika kwa mtu.

"Sita," alimwambia kaka. "Wa rangi nzuri."

"Sawa, baba mdogo."

Hata "tutaona" hakuiweka.

Na sisi Watanzania, watu wakishakuwa watano wanaotaka kitu kimoja, kitu hicho kinaundiwa kamati. Ikaundwa kamati ya maandalizi, ikiwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina asiye na hazina, na wajumbe waliokuja kwa ajili ya chai ya wifi. Mwenyekiti wa kibinadamu, namaanisha. Yule mwingine alikuwa bandani, ingawa kwa kutikisa kichwa walikuwa sawa. Vikao vilifunguliwa kwa sala mbili, ya Kiislamu na ya Kikatoliki. Ajenda ya kwanza ilikuwa mashine ya kutotolesha, ya pili mgawanyo wa watoto, ya tatu mengineyo. Daktari alialikwa mara moja, akarudia habari ya mwaka mmoja na nusu, akashukuriwa kwa mchango wake na hakualikwa tena. Kikao cha nne kilipanga tarehe ya kuwakutanisha.

"Jike ana umri gani?" niliuliza.

"Mkubwa," alijibu katibu. "Si unamwona alivyo mkubwa?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa anatazama sakafu, mkono kisogoni.

Tarehe ikafika. Wifi, kwa utani, aliyafunika mabanda kwa kitenge kipya. Mtu alipiga vigelegele. Kila kitu cha ndoa kilikuwepo: kamati, wazee, sare za wajumbe watatu, hotuba kuhusu uvumilivu katika maisha ya wawili. Kaka alimtoa jike begani, akamweka kwenye banda la dume, akafunga kioo, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Alikuwa anashikashika bega lililobaki tupu.

"Hutaki," nilimwambia.

"Watu wamesubiri, mdogo wangu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Wiki tatu baadaye tumbo la jike lilikuwa limejaa vinundu unavyoweza kuvihesabu kwa macho. Na wakati huo huo akaja mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi siku hizi siurudii msemo huo kimzaha.

Mgeni alikuwa mama yake wifi. Alipanda kutoka Kaoze, kule bondeni kwenye joto, na kiroba cha mchele kichwani, akafika kwetu akilalamikia baridi kama tumeitengeneza sisi. Kaka alikuja kumsalimia kwa taratibu zao za ukwe: alichuchumaa pembeni, macho chini, hakusogea karibu. Mkwe wake naye aliketi amegeuka upande, akiongea na ukuta kwa heshima.

Tulimpeleka kuwaona mijusi. Hakushangaa hata kidogo. Kwao mijusi wako kila jiwe, na wanaota jua bure. Alisikiliza hadithi ya ndoa yote, kamati, tarehe, sare. Halafu akauliza swali ambalo watu wa kwao huuliza kabla chai ya posa haijamiminwa.

"Ukoo wao?"

Wajumbe wawili waliokuwepo walicheka. Wifi alicheka. Mimi nilicheka zaidi.

"Mama, ni mijusi," wifi alisema.

"Nimeona ni mijusi. Nauliza, huyu mume katoka kwa nani na huyu mke katoka kwa nani? Nani alikwenda kuuliza?"

"Walikuja wote kwenye boksi moja," nilisema mimi, mwenye mdomo.

Yule bibi wa Kaoze alinigeukia. "Boksi moja," alirudia taratibu. "Mwanangu, watoto wanaolala boksi moja kwenu mnawaitaje?"

Hakuna aliyecheka tena. Mji mzima ulikuwa umekaa vikao, umepanga sare na hotuba, na katika watu wote wale wa dini mbili na makabila matano, ambao kwa mtoto wa kumzaa hawawezi kupokea hata barua bila kupeleleza ukoo vizazi vitatu, hakuna mmoja aliyeuliza. Aliyeleta alisema mtu na mkewe, nasi tukaitikia. Asiyeuliza hana ajifunzalo, huwa nawaambia wanangu hivyo kila siku ya Mungu.

Mtu wa kwetu anaweza kulikwepa swali la daktari. La mama mkwe halikwepeki. Kaka alichukua simu pale pale, akiwa amechuchumaa pembeni, akamtumia ujumbe yule dereva, naye akamtafuta aliyemwuzia. Jibu lilikuja mchana, kwa sauti, na kaka aliliweka wote tusikie.

"Mshikaji, nimemwuliza jamaa. Anasema hao ni tumbo moja. Mayai ya siku moja, mama mmoja. Sasa hivi wana kama miezi kumi. Anauliza, kwani kuna tatizo?"

Miezi kumi. Kaka alizima simu, akamtoa jike bandani, akamweka begani. Ndipo tulipoona kwamba vidole vya mguu wake wa nyuma vinarukaruka vyenyewe, na mguu ukiburuzwa kidogo. Mguu wa kulia.

Siku zile nilimwona kaka yangu akilia kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Wakati wa ajali hakulia. Alilia akiwa ameshika bomba la sindano lisilo na ncha, akimdondoshea jike dawa ya chokaa mdomoni, tone kwa tone, kama daktari alivyoelekeza. Daktari hakutusuta. Alisema tu kwamba mayai yatatoka kwa vyovyote, na kazi iliyobaki ni kuhakikisha mama hafi yakitoka. Joto liongezwe, jua kila siku, panzi wapakwe unga wa chokaa. Majirani walileta ushauri wao. Mmoja alileta dagaa wa Kirando waliosagwa, kwa sababu katika mkoa huu hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa dagaa wa Kirando. Daktari aliwapokea, akashukuru, akawapeleka kwake kula na ugali.

Mimi nilihamisha mizani kutoka dukani, nikaacha kuuza sukari ya kupima. Jike alikuwa anapungua huku tumbo likiongezeka. Niliogopa sana. Niliogopa kwamba akifa, kaka atarudi ukutani, na safari hii hakuna boksi litakalomgeuza.

Kamati iliitisha kikao cha dharura. Sikualikwa, nikaenda.

"Undugu si tatizo," alisema mwenyekiti. "Kuku wangu wote ni ndugu."

"Ndiyo maana watatu hawana macho," nilisema.

Nikaombwa nitumie lugha ya kikao. Katibu alipendekeza mayai yatotoleshwe, watoto wagawiwe, na watakaotoka na kasoro wapewe wale walioomba kwa kuchelewa. Ikaungwa mkono. Kaka alijikuna kisogo, akasema sawa, tutaona. Nilitoka nikabamiza mlango mpaka taa ya banda ikachezacheza.

Bibi wa Kaoze alikuwa uani akipeta mchele. Hakupandisha sauti, alipeta tu.

"Kwetu," alisema, akiuambia ungo, ingawa kaka alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni na yeye alijua, "mkisahau kuuliza, ndoa inavunjwa kabla mtoto hajaja. Watu wanacheka msimu mmoja. Msimu wa pili wanawacheka wengine. Lakini mtoto akishakuja na ubovu wake, huyo si wa kuchekwa msimu mmoja, anaumwa kila siku peke yake."

Aliendelea na mchele wake. Kaka alirudi ndani, mguu ukigonga sakafu.

Jike alitaga Jumanne mchana. Tulikuwa tumemwekea beseni la mchanga wa mto uliolowanishwa, akachimba kwa siku mbili, akipumzika, akichimba, mguu mbovu ukimtelezea. Kaka alilala chini kifudifudi ili macho yao yawe sawa. Yalitoka mayai kumi na saba, meupe, laini, kila moja dogo kuliko yai la njiwa. Alipomaliza aliyafukia yote kwa uangalifu, akausawazisha mchanga kwa kichwa chake, kisha akalala palepale juu yake amefumba macho, mbavu zote zinaonekana. Daktari alimshika, akamsikiliza, akamgeuza na kumsikiliza tena.

"Ataishi," alisema mwishowe. "Akiachwa apumzike."

Kaka aliuliza kuhusu mayai. Daktari alisema yakiwekwa kwenye baridi kali siku hiyo hiyo hakuna kiumbe kitakachohisi chochote, lakini kila siku inayopita jambo hilo linakuwa gumu zaidi. Alisema hayo, akachukua mkoba wake, akaondoka, maana huyu mzee anajua mahali kazi ya daktari inapoishia.

Nilikuwa dukani nilipomwona kaka anakuja na bakuli. Ilikuwa saa tisa, wateja wawili walikuwa wamesimama. Alipita nyuma ya kaunta bila kusalimia mtu, akafungua friza, akasogeza soda, akaliweka bakuli chini kabisa kwenye barafu na kulifunika kwa kitambaa. Alisimama pale akiwa ameushika mfuniko kwa mikono yote miwili, baridi ikimpanda usoni.

"Kaka, kuna Fanta humo?" mteja aliuliza.

Nilimwambia Fanta zimeisha. Zilikuwepo nyingi.

Ijumaa, baada ya swala, baba mdogo akaja. Sanduku la vioo lilikuwa tayari mapokezi, lina taa na jiwe la kupendezesha. Wifi alimkaribisha chai, nami nikakaa karibu, kwa sababu nilitaka kuwa karibu.

"Shikamoo, baba mdogo," kaka alisema, akiinuka kwa shida.

"Marahaba. Nasikia mke wenu kazaa. Wangu sita wanakuja lini?"

"Hawaji, baba mdogo. Wale ni ndugu tumbo moja, na jike alikuwa bado mtoto. Mayai nimeyagandisha."

"Yote?"

"Yote."

Baba mdogo alikunywa chai. Alikuwa mtu aliyezoea mizigo kuharibika njiani. Mzigo ukiharibika unaagiza mwingine.

"Basi, si kitu," alisema. "Wapandishe tena. Dume lipo, jike lipo. Mimi nitasubiri."

Kaka alipeleka mkono kisogoni. Nilifumba macho. Nilijua yanayofuata, nimeyasikia maisha yangu yote, na nilikuwa nimeshavuta pumzi ili nianze kupiga kelele mimi kwa niaba yake. Wifi alinifinya paja.

"Hapana," alisema kaka.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. "Hapana nini?"

"Hapana, baba mdogo. Hapandishwi tena. Akipandishwa atakufa."

"Wewe," baba mdogo alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "tangu lini unanikatalia mimi?"

Kaka alitazama mguu wake. Aliutazama kwa muda, kiatu chenye soli iliyoongezwa, goti lisilonyooka.

"Nimechelewa," alisema. "Nilitakiwa nianze siku ya breki."

Nilisikia balbu ya banda ikivuma. Jike alikuwa kwenye kioo chake, mwembamba, ngozi imemlegea, na alipomwona yule mtu mkubwa aliyevaa kanzu akisimama, aliinua mkono mmoja, akauzungusha polepole hewani. Baba mdogo alimtazama. Hakuitikia. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kaka atoke hospitali: aliutazama ule mguu. Akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka, chai ikabaki nusu.

Wifi alisema sasa tumekwisha. Kaka akaniomba maji. Tulikaa siku mbili tukisubiri kuitwa sebuleni kwa baba mdogo, na hatukuitwa.

Jumatatu asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya duka, umebeba sanduku kubwa la vioo, taa na jiwe vikiwa ndani. Msukuma mkokoteni hakuwa na ujumbe. Nilikwenda sokoni kutafuta majani ya maboga, nikapita njia ya gereji. Malori matatu ya baba mdogo yalikuwa yameegeshwa pale yakiwa matupu, magurudumu yamevuliwa, na mafundi wamelala chini yake wakifungua breki.